Fimbo ya Mlango wa Dereva

Kondele, Kisumu
Jumapili, 8 Agosti 1999

Ndugu yangu Abdulrahman,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Milka. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Rehma, Mama Swaumu, na kwamba mkono haukusumbui sana na hii baridi ya asubuhi. Sisi huku tuko. Goti la Milka bado linauma lakini sokoni anaenda. Gugu maji limejaa ziwani mpaka huwezi kuona maji, na ndiyo sababu barua yako ilichelewa. Ouma wa boti aliyeileta anasema walikaa siku mbili hapo Kendu Bay wakingoja njia ifunguke.

Nimefurahi kusikia Swaumu anaolewa. Umeniandikia kwamba siku ya ndoa baba anashikana mkono wa kulia na bwana harusi wakati shehe anasoma, na kwa vile wako hauinuki wala haushiki, unataka mimi nikae kando yako nikuinulie. Umesema shehe amekubali hata kama mimi ni mtu wa kanisa, kwa sababu umemwambia huna ndugu mwingine wa karibu kama mimi. Hayo maneno nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Siwezi kuja kabla sijakuambia kitu, na lazima nianze mbali.

Unakumbuka Mzee Absalom akitufundisha kazi pale Kibuye, mwaka wa themanini na moja. Alikuwa anasema fundi anayeficha spana ni mwizi kuliko mwizi. Mimi na wewe tulifungua kabureta gizani na tukairudisha. Ulikuwa unaniambia mimi nasikia injini vizuri kuliko ninavyomsikia bibi yangu, na Milka akisikia hivyo anakunyima chai.

Halafu zikaja hizi gari za kutoka Dubai, hazina kabureta, ziko na kompyuta. Ulienda Nairobi miezi mitatu ukajifunza. Uliporudi ukafungua gereji yako Nyalenda, na mimi nikabaki na Pijo za wazee.

Siku ile mwalimu Gordon wa Pap Onditi aliponiletea gari yake, nilikaa nayo siku tatu. Nilibadilisha plagi, nilisafisha kila kitu, ikakataa. Mwishowe tukaivuta kwa kamba mpaka kwako. Wewe ulichomeka kawaya mahali, ukahesabu taa ikiwaka na kuzima, halafu ukatoa ile karatasi ya hesabu, inayosema taa ikiwaka mara ngapi ni ugonjwa gani. Nilisogea nione. Ukaifunika na mkono. Ulibadilisha kitu kidogo kama kidole, gari ikawaka. Halafu ukawaambia watu waliokuwa hapo kwamba Oketch apelekwe museum na kabureta zake, afungwe karibu na yule kobe mzee wa huko, wapigiane hadithi za zamani. Gordon alicheka mpaka akashika boneti. Toka hiyo siku jina langu likawa Kobe. Makanga wa matatu za Kondele waliniita hivyo. Hata kanisani, Agneta wa kwaya alimuuliza Milka kama Kobe amekula.

Utani ningesamehe, sisi tumetaniana toka ujana. Ule mkono juu ya karatasi ndio sikusamehe. Nilikaa nao miaka miwili. Nikifunga nati nauona. Nikikaa kula nauona. Watu walidhani nimetulia kwa sababu nilikuwa nakusalimia na kukuuliza habari ya Rehma, lakini ndani nilikuwa nachemka kama redieta ambayo haina maji. Niliomba gereji yako ichomeke. Niliomba hivyo nikiwa nimepiga magoti.

Basi Disemba ya tisini na tano wale watu wa kilabu cha magari wakaleta mchezo wa kugongana magari pale uwanja wa maonyesho Mamboleo, na wakanipa kazi ya kutayarisha gari zote. Kwa mara ya kwanza kitu kizee kilikuwa na faida. Pijo 404 unaitoa vioo, unafunga milango na cheni, unatoa tanki unaweka mtungi mdogo wa petroli nyuma ya dereva, imekwisha, iko tayari kwa vita. Wewe ukaja na gari ya Dubai iliyokuwa imeanguka Ahero, ukasema utaonyesha watu kwamba kompyuta pia inapigana. Ulifunga kile kisanduku cha kompyuta yake na nailoni kama mandazi ya safari. Nilikusaidia kufunga. Nilikuwa najua haitafika mbali.

Fimbo pia nilitengeneza mimi. Kila gari fimbo moja nyekundu, imefungwa nje ya mlango wa dereva, na nilizikata kidogo na msumeno katikati ili zivunjike haraka. Sheria unaijua. Ukishindwa unatoa mkono unavunja fimbo, na kutoka hapo gari yako ni maiti, hakuna mtu wa kuigonga tena.

Uligongwa mara mbili, gari yako ikanyamaza. Nilikuwa upande wa pili, ndani ya Pijo yangu. Kila fundi anajua mchezo ule unagonga na nyuma ili redieta ipone. Mimi niligeuza Pijo, pua ikawa mbele. Nilitaka kukuona. Wewe ulikuwa unanicheka, Abdu, sio kwa ubaya, ulicheka kama mtu aliyeshindwa na rafiki yake. Ukatoa mkono dirishani, ukavunja fimbo, ukanipungia nayo.

Niliona. Hakukuwa na vumbi, uwanja ulikuwa umemwagiwa maji. Breki zangu zilikuwa nzuri, nilizifunga mwenyewe asubuhi. Niliangalia ule mkono uliofunika karatasi, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Na wakati chuma inaingia kwa mlango wako, nilifurahi. Sitakudanganya hata hapo. Nilifurahi mpaka nikasikia sauti yako.

Nilikuwa wa kwanza kukutoa. Nusu ya fimbo ilikuwa bado ndani ya vidole vyako. Nilivifungua vidole kimoja kimoja, fimbo nikaificha ndani ya ovaroli, halafu nikawaambia wale wa kilabu kwamba breki zilikataa na fimbo yako ilikuwa bado imesimama. Waliniamini. Siku ya nne hospitalini ulifungua macho, na kitu cha kwanza uliniuliza ni kama ulivunja fimbo, kwa sababu hukumbuki. Nikakujibu kwamba ulichelewa kidogo, omera, ndugu yangu.

Hilo neno ndilo limenikalisha macho, kuliko hata mkono. Kwa sababu ulilichukua. Miaka hii yote nakusikia ukiambia watu kwamba kiburi chako ndicho kilikuharibia mkono, kwamba uliona haya kushindwa na Pijo. Rehma anakuita mkaidi mbele ya wageni na wewe unainamisha kichwa. Unakula na mkono wa kushoto, unageukia ukuta watu wasikuone. Gereji umefunga, ukahamia huko ng'ambo ya ziwa. Na ile karatasi ya hesabu ulinitumia mimi, ukasema haina kazi tena kwako. Ndiyo inanilisha mpaka leo.

Ndani ya hii bahasha kubwa nimeweka kile kipande cha fimbo. Angalia mahali kimekatika, utaona alama ya msumeno wangu. Muonyeshe Mama Swaumu kwanza, kabla hujaamua kitu kuhusu mimi.

Ouma anarudi Kisumu Alhamisi. Kama bado unataka niuinue huo mkono, mpe neno moja tu. Akifika bila neno, nitajua, na wala sitakutafuta. Ukitaka kwenda kwa wazee au kwa polisi na barua hii, jina langu liko hapa chini na mwandiko ni wangu.

Msalimie sana Swaumu, mwambie Milka amemshonea kitambaa cha meza na ataletewa hata kama mimi siji. Wasalimie wote wa nyumba.

Hukuchelewa, Abdu.

Ni mimi,
Walter Oketch