Mimi Yule Mkubwa

Kaka yangu mpendwa Msumari,

Salaam nyingi zikufikie huko uliko, na zikukute mzima, umekula na umelala vizuri. Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti, lakini bado anatushinda sote kwa mwendo. Mume wangu, shemeji yako ambaye hamjaonana, amenenepa na anasingizia shati kuwa limeingia maji. Watoto wanakula kama mchwa. Baba ni mzima wa mwili. Habari zake nyingine nitakueleza taratibu, maana ndizo zilizonikalisha chini kuandika.

Najua barua itakushangaza. Anwani yako nimepewa na yule dereva wa lori aliyekuwa akituletea sponji za makochi. Anasema alikukuta huko ukipaka magari rangi, na kwamba umeota kitambi. Kazi niliisadiki, kitambi nilikikataa. Nilitangulia kukupigia simu kwa namba aliyonipa. Ulipokea, nikakutajia lile jina la utani ulilonipa mwenyewe, simu ikakatika. Sikulaumu. Ila barua haikatiki. Ukitaka kuiacha njiani itabidi uiweke chini kwa mkono wako mwenyewe.

Likizo hii ya mwisho wa mwaka tumekuja kukaa kwa wazee, mimi, shemeji yako, binti yetu Kiroboto na mdogo wake anayejifunza kutembea. Tumejazana katika chumba kile ulichokuwa ukilala wewe. Nilikuwa nimejiambia kwamba nakuja kupumzika. Mwenye watoto akisema hivyo mwonee huruma. Bafu ni moja, na kila asubuhi tunapanga foleni mlangoni na mataulo mabegani kama watu wanaosubiri kupimwa. Siku ya kwanza tu shemeji yako alijitolea kutengeneza bomba la jikoni linalovuja, Baba akasimama nyuma yake kumwelekeza, na kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tunakinga maji kwa masufuria na mtoto mdogo anaogelea sakafuni kwa furaha. Mama alikunja gauni, akapitisha ufagio, akamwambia mkwewe kwamba bomba sasa haliogopi mtu.

Tulicheka sana siku hiyo, na Baba alicheka kuliko sisi. Baadaye nikamwona anamwuliza Mama pembeni yule kijana mwenye shati lililolowa ni fundi wa wapi.

Ndiyo hivyo, Kaka. Kumbukumbu za Baba zimeanza kuvuja. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee, na kwamba hautarudi nyuma. Miwani tunaikuta kwenye friji. Anamwita Mama kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, na Mama anaitika, maana anasema kubishana kunamchosha zaidi ya kuitika. Kazi ya makochi aliiacha, lakini ile stoo ya nyuma ya nyumba bado ina vipande vya ngozi, springi za makochi na makopo ya gundi, na huko ndiko anakopenda kushinda.

Gundi hiyo ndiyo iliyoleta mambo. Kiroboto, ambaye jina lake linatosha kukueleza tabia yake, aliingia stoo akafungua kopo, na akatoka na gundi kuanzia utosini hadi masikioni. Tulijaribu mafuta, tukajaribu maji ya moto, Mama akajaribu maneno makali. Mwisho tukampeleka kwa kinyozi, akanyolewa kipara. Nikamvika kaptula na fulana kwa sababu magauni yote yalikuwa kwenye ndoo, nikamshika mkono tukarudi nyumbani, yeye akilia na mimi nikijizuia kucheka.

Baba alikuwa amekaa kwenye kibaraza. Alipomwona alisimama bila kushika ukuta, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa miezi. Akasema, kwa ile sauti yake ya zamani, "Msumari. Umerudi."

Kaka, jina lako lilikuwa halitamkwi katika nyumba hii tangu ulipoondoka. Mama alikuwa anaanika nguo. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, na shati lenye maji likiwa mapajani mwake. Mimi nikamtazama binti yangu, na ndipo nilipoona. Kichwa kile, shingo ile nyembamba, masikio yale yaliyosimama. Ni wewe mtupu, wewe wa kwenye ile picha ya darasa la kwanza. Nywele zilikuwa zimetufichia hilo siku zote.

Kiroboto aliacha kulia. Akaangalia huku na huku, akaona watu wazima wote wamenyamaza, na mtoto yeyote akiona hivyo anajua ameshika kitu kikubwa. Akajibu kwamba ndiyo, amerudi.

Siku zilizofuata sikujua nicheke au nifanye nini. Baba alimpa paja la kuku ambalo tangu tuzaliwe halijawahi kutoka kwenye sahani yake. Akamtengea kiti. Nilipomwita mtoto akaoge, alinieleza kwa adabu kamili kwamba yeye ni kaka yangu, na mtu haogeshwi na mdogo wake. Shemeji yako alicheka mpaka akatoka nje. Nilimburuta bafuni hivyo hivyo, lakini njiani nilijikuta nimesema samahani, na hadi leo sijui nilikuwa namwomba nani.

Mama peke yake hakucheka. Nilipomwambia tumkataze mtoto, alisema tumwache, Baba hajawahi kula vizuri hivi tangu mvua zilizopita. Lakini nilimwona anampitia Kiroboto kwa mbali, kama mtu anayepita mbele ya mlango asiotaka kuuangalia ndani.

Halafu mambo yakabadilika. Kiroboto akaanza kupiga mluzi kwa pembeni ya mdomo, kama wewe, ilhali hakuna aliyemfundisha mbele yangu. Akaanza kuketi na mguu mmoja chini ya mwingine. Asubuhi moja mezani alisema, huku anapaka siagi, kwamba dirisha la nyuma la karakana halishiki komeo, ukilisukuma kwa bega linafunguka. Karakana ile ya makochi ya Baba iliungua, Kaka, kabla hata sijafikiria kuolewa. Hapo ilipokuwa leo wanauza mabati. Kijiko cha Mama kiligonga kikombe. Nilimwuliza mtoto nani kamwambia. Akasema hajaambiwa, Babu kamkumbusha.

Jioni hiyo nilipokuwa namwogesha alinikataza kumsugua mkono wa kushoto. Akasema taratibu, pale pana kidonda cha moto. Ngozi yake ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo. Lakini mimi nilikuwa nimeuona mkono wako siku ile ya moto, nikiwa bado na sare ya shule, kabla hujaufunika kwa shati na kuondoka. Nilishika sabuni nikiwa nimepiga magoti kwenye vigae, na sikuweza kumgusa mwanangu mwenyewe.

Nikaamua kujua. Kesho yake baada ya chakula cha mchana Baba alimshika mkono wakaenda stoo, nami nikafuata, nikasimama nyuma ya mlango. Sikuona aibu. Mama wa mtoto mtundu hujifunza kusimama nyuma ya milango.

Baba alikuwa anamfundisha kuvuta mkanda wa kiti na kuupigilia. Walikuwa wanafanya kazi kimya, nyundo ndogo na nyundo kubwa. Kisha akaacha, akaanza kusema, na alisema kama mtu aliyeyapanga maneno kwa miaka na akapata nafasi. Alimwambia kwamba siku ile ni yeye aliyewasha jiko la mafuta mle ndani, karibu na sponji, achemshe maji ya chai. Jambo hilo hilo alilotukataza sisi kwa viboko. Mteja akamwita nje akaangalie kochi nyumbani kwake, akaenda, akalisahau jiko. Aliporudi moshi ulikuwa umeshafika barabarani na watu wamejaa, na ndipo ulipotokea wewe kwa dirisha la nyuma, mkono umeungua, kwa sababu ulikuwa umeingia kuzima. Watu wakamwuliza imekuwaje. Alisema mdomo wake ulimtangulia. Akakunyooshea kidole mbele ya wote, akasema ni huyu na sigara zake.

Akasema ulimtazama tu. Ulijua, kwa sababu jiko ulilikuta, na hukusema neno. Akasema angeweza kuvumilia lolote siku ile isipokuwa kule kutazamwa. Ndiyo maana jioni hiyo alikufukuza. Hakuweza kukaa nyumba moja na macho yale.

Kaka, mimi nilikuwa mtoto, na niliamini nilichoambiwa. Nimeolewa nikiamini, nimezaa nikiamini. 

Baba akamwuliza Kiroboto kama atamsamehe.

Mwanangu nilimwona kwa ufa wa mlango, ameshika ile nyundo kwa mikono miwili, na kichwa kile, na shingo ile, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sikujua atasema nini. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nitafikiria."

Ungekuwepo ungecheka. Ni neno langu hilo. Ndilo ninalomjibu akitaka baiskeli, akitaka paka, akitaka kuhamia kwa mama mdogo wa rafiki yake. Ni neno la wazazi la kufungia mlango polepole. Lakini Baba alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa haki yake, akasema sawa, fikiria, mimi nipo. Wakarudi kupigilia misumari.

Nilimweleza Mama yote jikoni. Aliendelea kukunja nguo mpaka zikaisha, akaanza kukunja zile zilizokwisha kukunjwa. Akasema hakuwahi kumwuliza Baba kuhusu siku ile, kwa sababu aliogopa atajibiwa. Zaidi ya hapo hajasema, nami sijamlazimisha.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Baba anavaa shati safi, anakaa kwenye kibaraza, na Kiroboto akipita anamwuliza kama ameshafikiria. Kiroboto anamwambia bado. Vingine vyote anavisahau, chai aliyokunywa, mlango wa choo, mume wangu kila siku ni fundi mpya. Hili hajalisahau. Lakini daktari ametuonya, na mimi naona kwa macho yangu, kwamba ipo siku nalo litamtoka. Atabaki amekaa pale anangoja, na hajui anangoja nini.

Mtoto naye amechoka. Juzi alinijia akiwa hana utani hata kidogo, akaniuliza mtu akisema atafikiria halafu hafikirii, huo ni uongo au si uongo. Nilimwambia tu kwamba yeye hatakiwi kuamua, jambo lenyewe si lake, na wala si langu. Akaniuliza ni la nani. Ndipo nikamweleza kwamba Msumari ni mtu kweli, ni mjomba wake, yuko mbali, na ana mkono wenye kovu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda zake kucheza.

Kaka, sikuandikii ili nikuvute kwa mkono. Huna deni kwetu; sisi ndio tuliokaa mezani miaka yote hii kiti chako kikiwa kitupu, na tukala. Ukisema hapana, nitampelekea hapana hiyo, na nitakaa naye akiipokea. Ninachokuomba ni kwamba neno lolote litakalokwenda kwa Baba litoke kwako, si kwa mtoto.

Ila kuna jambo moja lazima nikiri. Jana asubuhi Baba aliuliza tena. Nilikuwa mlangoni na mdogo wake Kiroboto kiunoni, na sikupata nafasi ya kumzuia. Kiroboto akamwambia kwamba mwenyewe atakuja kumjibu. Baba akauliza mwenyewe nani. Kiroboto akafikiri kidogo, akasema, "Mimi. Mimi yule mkubwa."

Baba akainuka, akaingia ndani, akamwambia Mama atoe vitu vyote vya wageni kwenye chumba cha Msumari. Nilipaswa kumrekebisha mtoto palepale, na kumrekebisha Baba. Sikuweza. Badala yake nilihamisha mabegi yetu. Tangu jana tunalala sebuleni, sote wanne, shemeji yako miguu yake inaning'inia kwenye kochi, na kitanda chako kimetandikwa.

Mama anakusalimu. Nilipomwambia naandika, alisema nikuulize kama huko uliko kuna baridi. Shemeji yako anakusalimu na anasema bomba bado linavuja. Watoto wanakusalimu, mkubwa kwa namna yake. Jitunze, na Mungu akulinde mpaka tusikie kutoka kwako, kwa vyovyote utakavyotaka tusikie.

Ni mimi mdogo wako,
Kifungo