Ulimfunga, au Ulimfunga Tu?

Mbeya, 6 Machi 1954

Dada Esta mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na mama na wote wa hapo Igowole. Mimi ni mzima isipokuwa mafua, na najua hutanionea huruma kwa kuwa ukungu wa huko kwetu unazidi wa huku. Mgongo wa mama unaendeleaje?

Nimepata kazi ya ukalimani mahakamani. Ni ya majaribio mpaka mwisho wa Juni, na nikifanya vizuri nitaandikwa moja kwa moja. Nasimama kati ya Bwana Hakimu na watu, kaptula imepigwa pasi, soksi ndefu, na hakuna neno linalopita bila kupitia mdomoni mwangu. Ungeniona ungecheka.

Lakini Kiingereza cha mahakamani si kile ulichonifundisha. Wazungu hawa wana maneno ya kuzuia utadhani walizaliwa na kamba mkononi: control, check, curb, detain, confine, restrain. Wiki iliyopita aliletwa mwanamke wa Mwanjelwa, Tusajigwe. Shemeji yake alimshtaki kuwa amemfunga mama mkwe, bibi kizee aliyepotewa na akili. Bwana Hakimu akataka kujua kama alimfanyia confine au restrain tu. Nikatafuta maneno mawili, nikapata moja. Nikamwuliza, "Ulimfunga, au ulimfunga tu?" Watu walicheka mpaka askari akawanyamazisha. Yule mama akanitazama, akajibu, "Nilimfunga nyumbani, baba." Nikasema confine, maana ndilo lililotajwa kwanza. Akapata miezi sita.

Niandikie basi tofauti ya maneno hayo, nisije nikachekwa tena.

Mdogo wako,
Didas


Igowole, 22 Machi 1954

Mdogo wangu Didas,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa tu wazima. Mama mgongo umepoa, na barua yako ameizungusha kanisa zima, hata kwa wasiojua kusoma. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, umekolea, kwa hiyo wajomba hawaonekani shambani.

Maneno yako ni haya. Check ni kumsimamisha mtu kidogo. Curb ni kumpunguza kasi. Control ni kile ninachofanya na watoto sitini wa darasa la pili. Detain ni kumweka mtu asiondoke. Confine ni kumfungia ndani, mlango ukafungwa. Restrain ni kumzuia mtu asijiumize wala asiumize wengine, hata kwa kumshika mkono tu.

Sasa nami nikuulize. Ulipokuwa unatambaa, mama alikuacha na mimi, nami nilikuwa na miaka minane. Ulipenda moto kuliko uji. Nilikufunga kanga kiunoni, ncha ya pili nikaifunga kwenye nguzo, ndipo nikaweza kupika. Ulilia sana, lakini vidole vyako vyote kumi unavyo mpaka leo. Mtu angeniuliza, ningejibu vilevile: nilimfunga nyumbani.

Yule mama alimfunga bibi kwa kufuli au kwa kanga? Hukumwuliza. Mwulize.

Dada yako,
Esta


Mbeya, 11 Aprili 1954

Dada,

Salamu. Sijambo. Mvua huku ni nyingi.

Asante kwa maneno, nimeyanakili kwenye daftari. Habari ya yule mama tuiache. Hukumu ikishaandikwa imeandikwa, nami bado ni mtu wa majaribio. Nikienda kusema nilikosea, nani ataniandika kazi? Mama naye atasema nini kanisani?

Mdogo wako,
Didas


Igowole, 25 Aprili 1954

Didas,

Hatujambo. Mama anakusalimu, na kwa kuwa hajui kitu, salamu zake ni nzuri kuliko zangu.

Nimekasirika, sitaficha. Nakuuliza jambo moja tu: sasa hivi nani anamtazama yule bibi?

Esta


Mbeya, 4 Julai 1954

Dada yangu Esta,

Natumaini mu wazima. Nimenyamaza muda mrefu kwa aibu, si kwa hasira.

Swali lako halikuniacha. Mwezi wa tano, Jumapili moja baada ya misa, nilikwenda Mwanjelwa. Dada, nyumba ile haina mlango. Ina mkeka wa matete tu. Nilisimama pale nikitafuta kufuli lingening'inia wapi.

Jirani yao, mama Damari, alinikaribisha. Bibi alikuwa ameketi, mkono umefungwa vitambaa. Tangu Tusajigwe achukuliwe, Damari humtazama anapopata nafasi, na siku aliyokwenda kisimani bibi aliangukia mekoni. Kanga bado ilikuwa kwenye nguzo. Bibi alinishika, akaniita kwa jina la mwanawe marehemu, akauliza mbona mke wangu amechelewa kurudi shambani. Nililia.

Kesho yake nilimweleza Bwana Hakimu yote. Alivua miwani, kisha akaandika barua kwa wakubwa wake Dar es Salaam. Majibu yalipokuja, Tusajigwe aliletwa akaulizwa upya na mkalimani mwingine, Marcelino. Bwana Hakimu akasema let her go, yaani aachiwe. Nilimfuata nje nikamwomba radhi. Aliniuliza tu kama bibi amekula.

Baadaye Bwana Hakimu aliniita, akanipa mkono, akasema anasikitika, lakini "I must let you go." Nilifurahi, dada. Nilidhani nami nimeachiwa, nimesamehewa. Nilimshukuru mara mbili. Asubuhi nikaja na soksi zangu ndefu, nikamkuta Marcelino amesimama mahali pangu. Yeye ndiye aliyenieleza, taratibu, kwamba nimefukuzwa kazi.

Kumbe nao wana neno moja la mambo mawili.

Mama usimwambie bado. Sijui nitarudi na uso gani.

Mdogo wako,
Didas


Igowole, 15 Julai 1954

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima, ila baridi imetubana jikoni. Nisamehe: mama aliomba nimsomee barua yako, nami nilisoma kwa sauti kabla sijafika pale uliposema asiambiwe.

Alisikiliza yote. Kisha akafungua sanduku, akatoa kanga yako ile ya utotoni. Imechakaa, lakini ni laini, haitamkwaruza bibi. Imo katika kifurushi hiki. Mpelekee Tusajigwe kwanza, ndipo upande basi.

Akanitaka nimsomee tena yale maneno ya Bwana Hakimu. Nikamweleza kwamba kwa Wazungu kumwachia mtu aende na kumfukuza ni neno moja. Akasema Kiingereza hakijui, lakini yeye alikuachia ukaenda Mbeya, na hajakufukuza.

Chumba chako nimekifagia.

Dada yako,
Esta