Simu ya Daktari Kilimani

Likawage

Dada Hamida, shikamoo.

Huku tu wazima, mikorosho imechanua.

Tangu ulipomleta mwanao Nurdin aachane na unga wa kulevya, daktari wa Dar humwona kwa simu ya video akiweka dawa chini ya ulimi. Mtandao uko kilimani tu. Kila asubuhi hupanda, akirudi huniambia, "Mamdogo, daktari anakusalimu."

Jana nilipanda kutafuta kuni, simu yangu ikaita. Alikuwa daktari.

"Mama, Nurdin yuko wapi? Wiki nzima hapokei simu."

Nilipomuuliza Nurdin, alicheka tu. Dawa nimezikuta hazijaguswa.

Leo amepanda tena, na simu yangu kaichukua, ndiyo maana naandika. Huko juu nasikia pikipiki ikinguruma, nadhani ni ya muuza unga anayemngojea.

Njoo, dada. Peke yangu simuwezi.

Mdogo wako,
Naima