Sigara Sivuti

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Mpwapwa hatujambo, mbuzi wako kazaa mapacha. Ila tangu nisome barua yako sikai nikatulia.

Unauliza kwa nini nesi, kabla ya kukupa vidonge vya majira vya kupanga uzazi, alitaka kujua kama unavuta sigara. Enzi za ruksa, miaka ya themanini mwishoni, dada yangu Yudita aliulizwa hivyo hivyo zahanati. Akajibu, "Sigara? Sivuti." Hakudanganya: kwake sigara ni ile ya pakiti, yeye alivuta kiko. Akapewa vidonge. Baadaye mguu ukavimba, damu imeganda ndani. Daktari akasema vidonge vile na moshi wa tumbaku havipatani. Mengine nayaacha, alipona akichechemea.

Nawe umeandika, "Bibi, sigara sivuti, ni shisha tu."

Rudi kwa nesi kesho. Mwambie hiyo "tu".

Bibi yako