Kidole cha Shomari

Jumatatu, 4 Juni 1973
Salima ndiye atakayehutubia kule kijiji kipya, njia ya Ipole. Si bwana afya, ni Salima wangu. Naandika hata jiko sijawasha. Atawaeleza watu habari za malale: kwamba yanaletwa na mbung'o, na kwamba kila mtu atobolewe kidole, tone la damu litazamwe kwa darubini, hata kama anajiona mzima. Mtaa wetu mzima wa Mtendeni nani mwingine ana binti wa namna hiyo? Hakuna. Nimesema bombani. Nimesema sokoni wakati nauza asali. Mama Rukia nimemwambia mara mbili, maana ya kwanza alijifanya anaosha ndoo.

Mimi niliishia darasa la nne. Yeye ametupita wote.

Alhamisi, 7 Juni
Amerudi analia. Hakula.

Aliyemharibia ni Shomari fundi cherehani, yule Mzaramo. Ni mtani wetu. Babu yake alifika hapa na mizigo ya msafara kutoka pwani, na toka hapo wao na sisi Wanyamwezi tunatukanana tu, tunacheka, yanaisha. Alipanda lori lilelile lililombeba Salima, kwenda kuuza kaptula. Salima yumo katikati ya maelezo, Shomari akasimama: "Msimpe damu huyu. Anampelekea mumiani. Hamuoni mashavu yalivyonawiri?"

Mwanangu kasoma mbali, miaka, utani hakuuzoea. Angemjibu kiutani tu, watu wangecheka. Yeye akakasirika. Akamwambia, mzee, acha uongo. Watu kuona binti kamkasirikia mtani, wakajua ni kweli. Akina mama wakabeba watoto wao wakaondoka. Vile vioo vya kuwekea damu vikapondwa mawe.

Mkubwa wake wa hospitali amesema kijiji kikikataa tena, Salima atawekwa stoo kupanga dawa, ataongea mwingine. Stoo. Mwanangu mimi.

Ijumaa, 8 Juni
Nimekwenda barazani kwa Shomari.

"Karibu mtani. Umekuja kupimwa sanda?"

Sikucheka. Nikamwambia kuna mama kule mtoto wake anasinzia mchana kutwa, na sasa hatampeleka kupimwa.

"Mama Salima, si utani tu." Akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Siwezi kumshtaki. Nani atasikiliza kesi ya mtani? Wazee watanicheka mimi.

Namchukia. Naandika tena: namchukia. Na atalia kwa utani huohuo.

Jumamosi, 9 Juni
Nimeanza. Nawapimia asali huku nawauliza: mnajua kwa nini Shomari anawapima viuno? Anamtafutia mumiani walionona. Ile futi kamba kapewa na mumiani mwenyewe. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Rukia akaongeza lake, kwamba ukiitwa kupimwa mara ya pili basi umeshachaguliwa. Nikampa asali ya bure. Ana akili yule mama, nilikuwa namdharau.

Jumatatu, 11 Juni
Baraza la Shomari jeupe. Nimepita makusudi, nikarudi, nikapita tena. Mama mmoja kaja kuchukua kitambaa chake hakijashonwa. Kakinyakua tu bila salamu.

Leo nimekula nikashiba.

Jumatano, 13 Juni
Shomari amekuja uani kwangu mchana. Kofia mkononi.

"Mtani, umeniua. Hata mke wangu hataki nimpime gauni."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Sikumpa kigoda. Nikamwacha asimame juani, nikamtajia fidia yangu: arudi kule kijijini, asimame palepale, awe wa kwanza kutoa kidole, Salima amtoboe, watu wote waone. Akasema anaogopa sindano. Mwanaume mzima, mvi kichwani. Nilifurahi sijui niseme nini.

Ndipo Salima akatoka ndani. Kumbe alikuwa anasikia. Hakumtazama Shomari, alinitazama mimi. Akasema leo wanawake wa sokoni wamekataa kutolewa damu hospitali, hata wajawazito. Wanasema mumiani kaingia mjini.

"Hilo neno limetoka wapi, mama?"

Nikatazama jiko. Nilikuwa namlenga Shomari, sikumlenga mtu mwingine. Walicheka, nikadhani wamecheka tu.

Shomari akaanza kutikisika kwa kicheko. Nusura nimpige mwiko.

"Usicheke, mzee," Salima akasema. "Vidole viwili. Chako na cha mama."

Hakupandisha sauti. Niliudhika, na hapohapo nikamwona alivyosimama. Hivyo ndivyo mkubwa anavyosimama.

Alhamisi, 14 Juni
Nimesema sokoni. Kwamba lile la futi kamba nilitunga mimi kwa hasira ya alivyofanyiwa mwanangu, na mwenye shaka aje anione natobolewa. Wengine wameamini, wengine wameguna. Mama Rukia atakuja kutazama, si kutobolewa. Nimemwambia tutaona.

Mkubwa wake Salima amekubali ajaribu tena. Mara hii tu.

Jioni alikaa uani anafunga vioo vipya kwa pamba, kimoja kimoja. Midomo inacheza. Nikadhani anasoma hotuba. Kumbe anajifunza utani. "Mzee Shomari, hii damu au maji ya dafu?" Akajicheka mwenyewe, akarudia, mara hii polepole. Nilisimama mlangoni nisimkatize.

Bado nataka Shomari alie akichomwa. Kidogo tu, nione.

Huyo mama mwenye mtoto anayesinzia ametumiwa salamu na mwenyekiti wa kijiji. Hakuna jibu bado. Mtendeni nimewaambia wote, Shomari kawaambia wa kwao. Lori la kwenda kule kijijini litasimama sokoni baada ya sala ya alfajiri, Jumamosi.