Kwa Lyuben, Aliyesikiliza Mpaka Wimbo wa Mwisho

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya Septemba ulipotutoka ghafla, pilipili hoho ulizochoma zikiwa bado za moto juu ya meza ya roshani na spika ikiwa bado inaunguruma. Leo tumebandika picha yako kwenye mlango wa jengo letu na kwenye nguzo ya kituo cha basi, kama ilivyo desturi yetu Wabulgaria kwa marehemu, na watu wa mji wetu wa Ruse wanasimama kuitazama. Umevaa fulana yako nyeusi. Shangazi Rumyana alitaka ile picha yenye tai. Mama akamwambia, "Wifi, ukimvalisha tai, hata yeye mwenyewe hatajitambua."

Wengi walikujua kama mwalimu wa fizikia. Wengine walikujua kwa safu yako ya Jumamosi gazetini, ulimopima albamu mpya za roki na metali, za bendi za hapa na za ng'ambo, ukizipa alama zilezile za shuleni kwetu: mbili ni kufeli, sita ndiyo ya juu kabisa. Wanafunzi wako walitania kwamba kwa Mwalimu Drenski ni rahisi mtoto kupata sita ya fizikia kuliko bendi kupata nne.

"Sikio halina pasipoti," ulikuwa ukisema. Ndiyo maana Mama alizifunga diski zote kwa karatasi nyeupe, na ni yeye aliyezitia kwenye mashine. Hukujua kama unayemsikiliza ni bendi ya Norwei yenye jina kubwa au vijana wa hapa nchini, wa mji wa Vratsa, waliorekodia gerejini. Maneno hayakukusaidia pia, maana kwa ngurumo zile hata Mbulgaria humjui kama anaimba Kibulgaria. Kila albamu uliisikiliza mara tatu bila kuruka wimbo: ya kwanza ukichoma hoho, ya pili umekaa, ya tatu umefumba macho. Ukishaandika ndipo ulipofungua karatasi. Na ukishafungua, hukubadilisha hata nukta.

Kila vuli jengo zima lilinukia hoho zako na kutetemeka kwa muziki wako. Bibi Tsvetana wa ghorofa ya chini alitoa kichwa dirishani.

"Mwalimu! Huyo anayenguruma amebanwa na mlango wa lifti?"

"Anaimba mapenzi, Bibi Tsvetana!"

"Basi huyo mpenzi wake alishakimbia!"

Ulipunguza sauti, ukamshushia sahani ya hoho za moto. Ulikuwa mkali wa kalamu tu. Bendi uliyoipa mbili Jumamosi, Ijumaa iliyofuata ulikata tiketi, ukasimama mbele kabisa ukumbini na kuwapigia makofi.

Kisha kipimo chako kikaingia nyumbani mwako mwenyewe. Ilikuwa vuli moja kabla hujatuacha. Mwanao Kaloyan, mpiga gitaa, alikuwa ameunda bendi huko Sofia bila kukwambia, akaituma albamu yao ya kwanza gazetini kimyakimya. Mama aliliona jina alipokuwa akiifunga. Akanyamaza, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Ukaipa tatu. Uliandika: "Gitaa linaingia ukumbini kabla ya bibi harusi, na halitaki kukaa."

Ulipoifungua, picha ya Kaloyan ikakutazama. Binti yako Nevena alikuwa kando yako akimenya hoho. Aliuona mkono wako ukienda kwenye kalamu. Akauona ukirudi.

"Nikimpa ya bure," ulimwambia taratibu, "nitakuwa nimemnyang'anya ya haki."

Jumamosi ile simu ililia.

"Baba, tatu?"

"Tatu, mwanangu."

"Wahakiki wenzako wote wametusifu!"

"Waulize ni nani kati yao aliyefika wimbo wa nane."

"Una nini wimbo wa nane?"

"Ndio mzuri kuliko yote. Mmeuficha mwishoni kama watu wenye aibu. Kwa nini?"

Mkazungumza mpaka chakula kikapoa. Baadaye Kaloyan alimwambia dada yake kwamba hakuna aliyewahi kumheshimu kama ulivyomheshimu siku ile.

Kiangazi hiki bendi yake ilimaliza albamu ya pili. Mhariri wa gazeti, kwa moyo mwema, alisema ataipa sita kwa heshima yako. Kaloyan akakataa. "Sitaki sita ya rambirambi," alisema. "Isikilizwe kama Baba alivyosikiliza. La sivyo, isiandikwe kabisa."

Nani basi? Sote tukamgeukia Nevena, ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono hata kwa swali alilojua jibu lake.

"Mimi? Mimi kuagiza pizza tu kwa simu nashindwa!"

"Pizza haina besi," Kaloyan akamjibu. "Wewe ndiye uliyekaa naye roshanini miaka yote. Mimi nilikuwa naikimbia kazi ya kumenya hoho."

Basi Mama akafunga diski tano kwa karatasi nyeupe, ya Kaloyan ikiwa mojawapo. Nevena hakuwa amesikia hata wimbo mmoja wa albamu ya kaka yake, na bendi ilikuwa na mwimbaji mpya, hivyo asingeitambua kwa sauti. Alizisikiliza kwa mpango wako, hoho za kwanza za mwaka zikiwa jikoni. Aliogopa mambo mawili: kuwa mpole kwa sababu anampenda kaka yake, na kuwa mkali kwa kuuogopa upendo huo.

Ikafika diski ya pili. Gitaa lilikuwa na pupa ileile ya albamu ya kwanza. Akajua ndiye kaka yake. Akarudia mara ya pili, akarudia ya tatu, akaipa tatu huku machozi yakidondokea hoho.

Ya nne ilipopigwa, dirisha la chini likafunguka.

"Nevena! Ni yule wa mlango wa lifti?"

"Samahani, Bibi Tsvetana, napunguza sasa hivi!"

"Nani amekwambia upunguze? Hebu urudie huo!"

Nevena aliipa tano, akaandika: "Gitaa hili limejifunza kusubiri. Likinyamaza, unalisikia zaidi. Wimbo wa tatu ni mrefu kuliko haja yake, ndiyo maana si sita."

Alipofungua karatasi, ile ya pili ilikuwa ya bendi mashuhuri ya ng'ambo. Ya nne ilikuwa ya Kaloyan. Tatu ilibaki tatu, na tano ikabaki tano.

Alimpigia kaka yake simu yeye mwenyewe, yeye asiyeweza kuagiza pizza.

"Tano," alisema.

"Ya haki?"

"Ya haki. Wimbo wa tatu umezidi urefu."

"Nilimwambia mpiga dramu! Nilimwambia!" Kaloyan alicheka, kisha sote tuliokuwa karibu na simu tukasikia kicheko kikigeuka kilio. Jumamosi iliyopita safu yako ilitoka tena, Baba, na mhariri hakugusa nukta. Bibi Tsvetana ameikata na kuibandika mlangoni, kando ya picha yako.

Leo tumekuja kaburini na ngano ya kuchemsha yenye sukari, tumekumwagia divai, tumekuwekea hoho moja ya kuchoma. Kaloyan ameweka diski juu ya jiwe. Ameifunga kwa karatasi nyeupe. Hatukwambii ni ya nani.

Unakumbukwa kwa fahari na mkeo Zdravka, wanao Kaloyan na Nevena, dada yako Rumyana, jirani yako Tsvetana, wanafunzi wako, na bendi zote ulizozipa mbili zikarudi na nne.

Tutakukumbuka daima, mpaka wimbo wa mwisho.