Tairi za Barid

Jumapili, 1 Desemba 2024

Rawya kapiga simu kutoka Saiq kabla sijamaliza chai. Mtoto bado kakaa kitako tumboni. Daktari kasema asipogeuka hakuna kuzaa huko juu mlimani, Jebel, atashushwa hospitali ya Nizwa apasuliwe, tarehe mbili Januari. Binti yangu anasomesha watoto thelathini darasa moja wala hababaiki. Leo sauti yake ilikuwa ndogo. Kasema: Mama, njoo mapema, usije pamoja na wageni wa kumtazama mtoto.

Nikamwambia nakuja. Nimeshasema!

Basi nikampigia kaka yake, Adham, huko Sur. Kosa! Kanitajia mambo kumi. Tairi za Prado ya marehemu babake zimekuwa vipara. Polisi wa kizuizi cha Birkat al Mawz, chini ya mlima, hawatanipitisha. Njia ya Jebel si ya mama wa miaka sitini. Nisubiri, atakuja kunichukua tarehe 27. Kunichukua — kama gunia la vitunguu!

Leseni nimeipata na miaka hamsini na nane, jaribio la tano. Sikuitafuta ili niwe abiria.

Tumekubaliana hivi: zikipatikana tairi mpya, naendesha mwenyewe Jumamosi ya tarehe 21. Ila tairi achague yeye. Haya, achague.

Jumanne, 3 Desemba

Ujumbe wa Adham, neno kwa neno: "Mama tairi za barid zitafika khamis inshallah."

Barid! Watoto hawa wanakula irabu za mwisho kama kashata. Tairi za baridi, anataka kusema. Nimetokwa na machozi kidogo, sioni haya. Huko juu Desemba maji huganda ndoo nzima, na mwanangu kakaa kafikiri, kanitafutia mipira ya baridi hasa. Na mimi nilimsema vibaya juzi.

Nimetazama kwenye simu. Zipo kweli! Tairi za baridi zina alama yake ubavuni: mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Alama ya mlima! Nikamwita Saliha aje aone. Yeye yuko nami mwaka wa sita sasa, mtu wa Singida, jikoni kwangu ndiye rais. Kakunja uso. Kasema: Bi Badriya, hizo si za nchi za theluji? Nikamjibu mlima ni mlima.

Nimempigia wifi yangu Shukriya. Nimewapigia na wengine. Mpaka magharibi mji wetu, Ibra nzima, ulikuwa unajua Badriya anapanda Jebel kwa tairi za baridi.

Alhamisi, 5 Desemba

Ya Rabbi, niandike tu niimalize aibu hii.

Asubuhi posta wamepiga simu, una mzigo mkubwa. Tukaenda na Saliha. Tairi nne, zimefungwa nailoni. Nani kapata kutumiwa mipira ya gari kwa posta? Tukazirudisha nyumbani, nikazichania nailoni uani, nikaanza kutafuta mlima. Nimezizungusha zote nne. Mlima hakuna. Kilima hakuna!

Saliha akaomba kitambaa kibichi. Mimi nilidhani anataka kuzing'arisha. Kumbe babake alikuwa fundi wa tairi pale Singida, karibu na stendi, na huyu mwanamke kakulia juu ya rundo la tairi, na miaka sita mimi namwuliza habari za chumvi tu! Akafuta ubavu, akaweka kidole kwenye namba nne ndani ya duara refu: 1418. Nikauliza, simu ya nani hiyo? Akacheka mpaka akakaa chini. Wiki ya kumi na nne, mwaka wa kumi na nane. Ndiyo siku ya kuzaliwa ya tairi.

Yaani tairi hii ina umri wa mtoto wa darasa la kwanza. Saliha akaibonyeza kwa goti, nyufa nyembamba zikafunguka, kama visigino vyangu. Kasema tairi huzeeka hata imelala, na kwa joto la nchi hii huzeeka mara mbili.

Nikampigia Adham. Nikaanza na mlima — iko wapi alama ya mlima? Mlima gani, Mama? Tairi za baridi si zina alama ya mlima! Kikaja kicheko, kile cha babake. "Barid, Mama! Bosta! Mi nimesema zinakuja na bosta!"

Barid. Posta. Zaidi ya miaka arobaini nasema Kiarabu cha Oman, na neno la barua limenishinda kwa sababu lilijificha ndani ya Kiswahili. Nimecheka na mimi, ningefanya nini? Na Shukriya je? Na Ibra nzima?

Lakini kicheko kilipoisha nikamsomea 1418. Hakunielewa. "Mama, hii tairi mapya, hakuna mtu amegusa!" Nikamwambia halua ya miaka sita pia hajaigusa mtu, wewe utaila? Muuzaji huyo wa mtandaoni kamzuga, na yeye kazugika, na angenipandisha mimi juu ya zile kuta za mawe na mpira uliopasuka. Akakasirika. Kasema basi, hakuna safari, nisubiri tarehe 27. Akakata.

Na Rawya je, asubiri na nani?

Jumamosi, 7 Desemba

SIKU YANGU. Naiandika kwa herufi kubwa.

Tumekwenda duka la tairi la Yaqoob, yule ambaye wazee wake walikuwa na duka Ujiji. Mara tu naingia: "Shikamoo, Bi Badriya. Tairi za baridi zimefika?" Kumbe Shukriya kashapita! Nikamwitikia marahaba, nikameza mate, nikamwomba anieleze kama mtu asiyejua kitu. Kuuliza si ujinga.

Kaeleza vizuri, haki yake nimpe. Mpira wa baridi ni laini makusudi, ili ushike barafu. Ukiuendesha kutoka hapa mpaka Izki mchana, hata Desemba, lami inaula kama sabuni. Huku kwetu barafu ni ya alfajiri tu, tena huko juu, na jua likipanda imekwisha. Na ule mlima wa alama si Jebel yetu — ni theluji ya watu wengine. Sawa. Nimejifunza.

Basi nataka nini? Mpira mgumu wa joto, wenye meno ya kushika changarawe na mteremko mbichi. Kanionyesha zilizoandikwa A/T, yaani za njia zote, na chini yake neno la joto na herufi A, daraja la juu. Zimenikaa moyoni pale pale. Nikasema: nisomee tarehe.

Yaqoob akacheka. Bi mkubwa, mchagua jembe si mkulima! Nikamwambia jembe halipandi Jebel, mwanangu. Saliha keshainama. Na mimi nikainama, magoti yakilia, na miwani puani. Ya kwanza 3824. Ya pili 3824. Ya tatu 3824. Ya nne Yaqoob alikuwa kaiegemeza ukutani, namba imeelekea ukuta.

Saliha akaigeuza. 1122!

Wanaume watatu walikuwa wanangoja zamu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusoma namba ya tairi yake, niliwaona nyusoni. Yaqoob akaapa kuwa imechanganyika tu stoo. Huenda. Akaleta nyingine, 3824, na tukasimama juu ya kichwa cha fundi mpaka ya mwisho ikafungwa. Tunatoka, mmoja wa wale wanaume kainama kwenye gari lake anafuta ubavu kwa ncha ya kanzu.

Nimemwambia Saliha leo hapiki. Tumekula mishikaki barabarani, ndani ya gari, kama vijana.

Jumanne, 10 Desemba

Nimeendesha mpaka Samad ash Shan na kurudi, kuzizoea. Zinanguruma kidogo. Napenda. Adham hajapiga simu tangu Alhamisi.

Ijumaa, 13 Desemba

Adham kaja baada ya sala, hakuarifu. Hakunibusu kichwa mpaka alipozunguka gari langu mara mbili. Akapiga tairi teke, teke la wanaume, sijui linawaambia nini. Saliha akapita na sinia la kahawa, akasimama nyuma ya gari la Adham mwenyewe, akasoma kwa sauti: sifuri tisa, kumi na saba!

Mdharau mwiba mguu huota tende. Sikuyasema. Niliyafikiri kwa nguvu.

Baadaye tulikaa wawili. Kaniambia kile ambacho hakupata kukisema: babake hospitalini alimshika mkono, akamwambia, mamako usimwache peke yake. Ndiyo maana. Sio kwamba haniamini. Anaogopa tu, na akiogopa hutoa amri, kama marehemu vile vile. Nikamshika mkono na mimi. Nikamwambia baba kakupa mama umtunze, hakukupa sahani za kaure uzifungie kabatini. Dada yako ananiita.

Alipoondoka hakusema tena tarehe 27.

Jumamosi, 21 Desemba — Saiq

NIMEFIKA. Nimefika mimi!

Tuliondoka Ibra baada ya alfajiri, mimi, Saliha, ndoo ya halua, na dawa za uzazi za bibi yangu ambazo Rawya atazitupa. Mudhaibi, Samad, Izki, mwendo wa wastani, magari yananipita, na yapite. Mwenda pole hajikwai.

Birkat al Mawz, kizuizi cha polisi. Kijana mdogo, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Akatazama kiti cha nyuma, akatazama tena mbele, akauliza dereva yuko wapi. Dereva ndiye huyu unayezungumza naye! Akaomba leseni, akatazama kama gari ni la kuvuta kwa magurudumu yote manne kweli. Akachuchumaa kwenye tairi. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia kwa Kiarabu, wiki ya thelathini na nane, mwaka huu, zote nne. Kasimama anacheka. "Tawakkali, ya ummi." Nimtegemee Mungu niende!

Halafu ule mlima. Sitadanganya karatasi yangu — kwenye kona ya tatu mikono ilinitoka jasho mpaka usukani ukateleza. Njia inasimama kama ukuta. Saliha kafumba macho, anasoma Ayatul Kursi, kila akimaliza anaanza upya. Nikaweka gia ya chini, kama nilivyofundishwa, na gari likapanda. Likapanda tu! Mahali pamoja changarawe imemwagika njiani, nikasikia meno ya mpira yakiuma, na sikuteleza hata shubiri. Nilipiga kigelegele. Peke yangu, kwenye usukani. Saliha kafungua macho, akadhani tumekufa.

Rawya alikuwa mlangoni na tumbo lake, kavaa soksi mbili mbili. Alipoona nashuka upande wa dereva kaziba mdomo. Tumelia wote, hata mumewe Marzouq, ambaye hulia kwa urahisi.

Nimempelekea Adham picha ya gari mbele ya nyumba. Jibu lake: "Mabruk Mama." Na moyo mmoja mwekundu. Kutoka kwa Adham!

Jumatatu, 23 Desemba

Barafu juu ya kioo cha gari asubuhi. Nimeikwangua kwa kijiko. Mtoto bado kakaa kitako, mkaidi — kamrithi nani sijui.

Saliha kasoma tairi za gari la Marzouq. Akanitikisia kichwa.

Jumatano, 25 Desemba

Saa nne asubuhi. Mkono unakwenda mbio, mwandiko utakuwa mbaya.

Mvua tangu alfajiri, nyembamba, haikatiki. Saa tatu Rawya kasimama jikoni, maji yakamwagika sakafuni. Hayakungoja tarehe mbili! Daktari wa huku kampima haraka. Kasema uchungu ndio unaanza, upo muda, lakini mtoto ni wa kitako bado, shukeni Nizwa sasa hivi, na kule wanaarifiwa wajitayarishe. Gari la wagonjwa limeshuka na mtu mwingine, tukilingoja tutachelewa.

Marzouq kachukua ufunguo wa gari lake. Ukamponyoka. Kauokota, ukamponyoka tena. Maskini, kasimama anautazama pale chini.

Nimempigia Adham. Nilijua atakalosema — usishuke, mvua, subiri. Yuko Sur, hata akiruka hafiki mapema. Kumbe kauliza: Mama, tairi ya nani? Zangu, nikamwambia. 3824, zote nne.

"Basi endesha wewe, Mama. Gia ya chini mpaka Birkat al Mawz. Usikanyage breki moja kwa moja."

Najua, mwanangu. Najua.

Rawya kaomba avae kwanza vizuri, ndiyo dakika hizi ninazoandika. Saliha keshatandika mablanketi kiti cha nyuma na kupangusa vioo. Marzouq nimemwambia akae nyuma amshike mkewe mkono, hiyo ndiyo kazi yake. Ufunguo wangu nimeuweka hapa juu ya karatasi.

Mlango umefunguka. Rawya huyo, mkono mmoja ukutani, mwingine chini ya tumbo. Kampita mumewe. Kaja mpaka kwangu.

"Mama, twende."